Kipimo cha Siku Kumi

9 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na lile sufuria kubwa la sabuni, umepata wa kukusaidia kulinyanyua au bado unalikokota peke yako kama mtu aliyekula kiapo?

Huku sisi wazima. Jumapili nilipita kwa baba. Kaka yako amepata miwani mpya na sasa anasoma gazeti lote kwa sauti, mpaka matangazo ya vifo, na ukinyanyuka anakuuliza unakwenda wapi habari haijaisha.

Kifurushi chako kimefika. Vipande kumi na viwili vya sabuni, vyote vizima isipokuwa kimoja kilichomeguka pembe. Chumba kizima kinanukia mdalasini. Mume wangu anasema hata mashati yake siku hizi yananukia bibi harusi. Miezi minne ya ndoa na bado unatutunza kama tumefungishwa jana. Ahsante sana.

Nakuandikia badala ya kupiga kwa sababu unajua mwenyewe simu yako haisikiki mpaka uwashe spika, na yule jirani yako fundi cherehani huwa anajibu maswali kabla yako.

Kuna mwenzangu kazini, tunakaa meza moja ya kujalidi vitabu. Anawashwa huko chini, huu mwezi wa pili sasa. Ameolewa juzijuzi na hajawahi kuwa na mwanamume mwingine. Anaona haya kwenda zahanati. Anaogopa kwamba labda ameletewa ugonjwa. Nikamwambia shangazi yangu anajua mambo ya wanawake, ngoja nimuulize.

Naomba unijibu kwa barua tu.

Mwanao,
Chiriku

20 Februari

Chiriku,

Marahaba. Mgongo upo, haujaenda popote. Sufuria nalikokota mwenyewe, maana wa kunisaidia wote wanataka kwanza kunifundisha. Mwambie kaka yangu akifika kwenye matangazo ya vifo aangalie vizuri kama jina langu limo.

Huyo mwenzako wa kazini nimemwelewa. Mwandiko wake naujua tangu alipokuwa anaandika herufi "a" ikiwa imelala chali.

Sasa mwambie anijibu mambo mawili. Mume wake hulala wapi asipolala kwake? Na yeye mume anajikuna? Asimuulize. Amtazame tu, kimyakimya, akiwa anavaa suruali.

Kwa sasa aoge mara tatu kwa siku kwa sabuni yangu. Apige povu zito, aliache hapohapo mpaka ahesabu mia, ndipo asuuze. Nimekutilia vipande sita vingine, hivi nimezidisha mafuta ya mdalasini na karafuu. Ni vikali, vinasafisha kweli. Akisikia moto kidogo avumilie, ndiyo uchafu unatoka.

Zahanati asikimbilie. Utakaa kwenye benchi na jirani zako, na kabla hujafika nyumbani habari yako imeshatangulia kukaa sebuleni. Mambo haya mwanamke huyajua mwenyewe akifungua macho.

Shangazi yako

14 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Haya, ni mimi.

Baba mzima. Kazini tumebanwa na madaftari ya mitihani, maelfu kwa maelfu. Nafanya kazi nimesimama kwenye mashine ya kukatia karatasi kwa sababu kukaa siwezi. Msimamizi amenisifu mbele ya watu kwa bidii yangu. Laiti angejua.

Nimefuata ulivyosema, mara tatu kwa siku, nikihesabu mia. Imezidi. Ngozi ni nyekundu, imekauka, pembeni inachubuka, na nikienda haja ndogo nauma meno. Usaha hakuna, harufu hakuna. Ni kuwashwa na kuwaka tu. Nawaza kaswende, nawaza kisonono, nawaza hata lile ambalo sitaki kuliandika hapa.

Umeuliza analala wapi. Shangazi, mume wangu ni fundi wa lifti. Siku nne kwa wiki yuko miji mingine, na lifti ziko wapi? Mahotelini. Anaingia hotelini, anatoka hotelini, hapo analala na hapo anakula. Zamani nilikuwa najisifia hilo kwa wenzangu.

Na ndiyo, anajikuna. Nilimwona Jumamosi. Nikashindwa kunyamaza kama ulivyoniagiza, nikamuuliza una nini. Akakaa kitandani akanitazama, akasema, "Hilo nilitaka nikuulize wewe. Nikiwa safarini sisikii kitu. Nikirudi hapa siku mbili tu naanza kujikuna. Sasa hii kitu naipata wapi?"

Mimi! Mimi ninayetoka kwenye gundi na kurudi kwenye jiko! Kikombe kilinidondoka kwa hasira.

Alipokwenda kazini nikapekua ovaroli yake. Mfukoni mlikuwa na hereni moja ya dhahabu bandia, ya kuning'inia. Aliporudi nikamwekea mezani, kando ya sahani. Akasema aliiokota kwenye shimo la lifti. Eti watu wakipita mlangoni vitu huwaponyoka, na chini ya lifti kuna funguo, vifungo, hereni, kila kitu. Alisema bila hata kupepesa macho.

Wewe ungeamini?

Chiriku

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nilikaa na barua yako siku nyingi, si kwa kukusahau. Mvua imeniharibia mbao mbili nzima za sabuni niliyoanika. Jirani yangu fundi cherehani amegombana na mumewe na sasa anashonea nguo kibarazani kwangu, kwa hiyo hata kuandika naandikia stoo.

Shimo la lifti! Hilo jipya, nimecheka. Mimi nilikuta saa ya kike kwenye koti la mume wangu. Akasema ni ya mteja. Na kwa kuwa alikuwa fundi saa, nilitakiwa nikubali na nimpe pole kwa uchovu. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Nilimwacha na sijawahi kujuta, na zaidi ya hapo usiniulize.

Lakini hili nitakuambia kwa sababu litakufaa. Yeye naye alijikuna. Yeye naye alinigeuzia kibao, akaniuliza nimempa nini. Mwanamume mwenye hatia huwahi kuuliza kabla hajaulizwa. Wako amesema maneno yaleyale, Chiriku.

Kipimo nilichopima mimi nakupa na wewe, na kinashinda vya maabara. Nenda kwa baba yako siku kumi. Sema anaumwa goti. Usibebe chochote kutoka chumba kile, hata taulo, hata kanga uliyolalia, hata kipande cha sabuni. Nenda na nguo uliyovaa, zingine utazikuta kwa baba. Usiguse kitu alichokigusa yeye. Ukipona ndani ya siku kumi, basi ugonjwa una jina, una miguu, na unatengeneza lifti.

Shangazi yako

3 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Baba anakusalimu. Nilikaa kwake siku kumi kamili, na nimesomewa magazeti ya wiki mbili. Aliniuliza mara moja tu, "Mumeo mzima?" Nikamwambia mzima. Akakunja gazeti, akalikunjua tena.

Siku ya tatu nililala bila kujikuna. Siku ya sita wekundu ulianza kufifia. Siku ya tisa nilijitazama kwa kioo cha baba cha kunyolea, ngozi ilikuwa kama siku niliyozaliwa.

Nilikaa kwenye sakafu ya bafu nikalia. Watu hulia wakiumwa, mimi nililia kwa kupona. Maana yake naijua. Ulisema kweli.

Nimerudi kufunga virago. Kazini wameniomba nimalizie madaftari ya mitihani kwanza, wiki mbili au tatu. Mume wangu nimemwambia alale sebuleni. Hakuuliza kwa nini. Asiye na hatia angeuliza, sivyo?

Niandalie pa kulala.

Chiriku

12 Mei

Chiriku,

Marahaba. Chumba kipo tayari, nimeondoa mapipa na kufua pazia.

Toka humo. Usingoje madaftari, watu watafanya mitihani hata ukutani. Usimpe nafasi ya kukueleza, maana wanajua kueleza. Wangu alinifuata mpaka mlangoni kwa kaka yangu akiwa na machozi, akasema hajui, hajui, hajui. Nilifunga mlango. Nawe ufunge.

Shangazi yako

11 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Najua ulingoja nishuke kwenye basi wiki tatu zilizopita na hukuniona. Nisamehe. Tafadhali kaa kitako kabla hujaendelea.

Nilikuwa tayari kuja. Sanduku lilikuwa mlangoni. Yeye alilala sebuleni siku zote hizo, na hakunigusa hata mkono. Siku akitoka safari alikuwa anapita pembeni yangu kama mpangaji mwenza. Mimi nikawa naoga vizuri kwa sabuni yako, ile kali, mara tatu, ili nije kwako msafi kabisa.

Siku ya nne nikaanza kuwashwa. Siku ya saba nilikuwa nasimama tena kwenye mashine ya karatasi.

Shangazi, nilikaa nikalifikiria jambo hilo mpaka kichwa kikauma. Hakunigusa. Hatukulala kitanda kimoja. Ule ugonjwa wenye miguu ulikuwa unakoroma sebuleni, mlango umefungwa. Sasa uliingiaje?

Nikamwambia twende tukapime. Nilidhani atakataa, na moyoni nilitaka akatae ili niwe na uhakika. Akasema, "Nilitaka kukuambia hivyo tangu Februari. Niliogopa majibu yako." Tukaenda. Kwenye benchi tuliacha nafasi ya mtu mmoja katikati yetu, na mama mmoja mnene akaja akakaa hapo, akatusalimu wote wawili kila mmoja peke yake.

Muuguzi alikuwa mwanamke wa makamo, hana haraka. Alitupima kila kitu, kaswende, kisonono, virusi, vyote. Alinikagua, akamkagua na yeye. Akatuambia turudi baada ya wiki. Wiki hiyo sikula. Tuliporudi akasoma karatasi mbili mbele yetu wote wawili kwa ruhusa yetu. Hakuna. Kwangu hakuna, kwake hakuna. Alisema kile cha virusi turudie baada ya miezi mitatu kwa ajili ya uhakika, lakini ngozi yetu haina ugonjwa wa kuambukizana.

Kisha akauliza, "Mnaogea nini?"

Nilikuwa na kipande mkobani, kwa sababu nilikuwa natoka kazini na nilitaka kuoga hukohuko, ile mara ya pili ya siku. Nikamtolea. Akakinusa, akarudisha kichwa nyuma, macho yakamtoka machozi. Akasema mafuta ya mdalasini na karafuu yakiwa mengi hivyo yanaunguza ngozi laini, na magadi yenyewe bado makali, na mimi nilikuwa nayaacha hapo nikihesabu mia. Akaniambia huko chini maji matupu yanatosha. Mume wangu anawashwa akiwa nyumbani kwa sababu sabuni iko nyumbani. Hotelini anaogea sabuni ya hotelini. Na mimi kwa baba nilipona kwa sababu kwa baba niliogea mche wa sabuni ya dukani.

Akauliza imepikwa na nani. Nikasema nimenunua. Nilikutetea, Shangazi, sikujua kwa nini.

Leo nina wiki mbili na maji matupu na mafuta ya kupaka aliyonipa. Nimepona nikiwa nyumbani kwangu.

Jambo jingine. Mume wangu alinivutia kopo la maziwa kutoka chini ya kabati la vifaa vyake, akalimwaga kitandani. Ni vitu alivyookota chini ya lifti miaka yote. Funguo, vifungo, kalamu, na hereni. Nilizihesabu hereni. Kumi na saba, na hakuna hata mbili zinazofanana. Shangazi, hakuna mwanamume mwenye wapenzi kumi na saba wenye sikio mojamoja. Nilicheka mpaka nikalia. Yeye hakucheka. Alizirudisha kwenye kopo moja moja.

Sikulaumu kwa sabuni. Uliipika kwa mapenzi. Lakini nina donge, na nisipolisema litanikaba. Nilikuamini wewe kuliko nilivyomwamini yeye. Sasa ananisemesha kwa adabu, kama anavyowasemesha wateja.

Na kuna swali naogopa kuliuliza. Ulipoondoka kwa fundi saa ukaja nyumbani kwa baba ukapona, ulikuwa unaogea nini? Na ulishawahi kupimwa?

Mwanao,
Chiriku

12 Septemba

Shangazi,

Shikamoo. Hujanijibu miezi mitatu. Simu unakata. Baba anasema umemwambia una kazi nyingi, lakini fundi cherehani alipokea mara moja akasema sufuria limefunikwa juu chini uani tangu Juni.

Tumerudia kipimo, safi. Mume wangu amerudi kitandani mwezi uliopita. Anaogea sabuni yake mwenyewe, anaificha kabatini kwa kufuli, nikimtania anacheka kidogo. Kidogo kunatosha kwa sasa.

Kama nilikuumiza, nitukane. Usininyamazie.

Chiriku

30 Septemba

Chiriku,

Marahaba. Mgongo mzima kupita kiasi, maana haujabeba kitu. Mpunguzie kaka yangu wasiwasi, mwambie nakula.

Mwezi wa sita nilikasirika. Nilisema, mtoto huyu nimembeba mgongoni, leo muuguzi mmoja amenusa kitu dakika moja anajua kuliko mimi niliyekipika miaka thelathini na minne. Nilikata kipande nikaoga nacho kwa hasira, nikahesabu mia. Nikaoga hivyo siku tano. Siku ya tano nilikuwa nimekaa kwenye beseni la maji baridi, mzee mzima, najipepea.

Sikuwa nimeitumia sabuni ile tangu nilipoacha ndoa. Niliipika kwa mara ya kwanza nikiwa bibi harusi, kwa ajili yangu na yeye. Niliita sabuni ya chumbani. Nilipoondoka sikuwa na chumba tena, nikawa naipika ya kuuza tu, na mwenyewe naogea mche wa dukani kama kaka yangu.

Umeuliza kama nilipimwa. Sikupimwa. Niliona aibu ya benchi. Nilikwenda kwa baba yako na nguo niliyovaa, nikapona ndani ya wiki mbili, nikasema hukumu imetoka. Kupona ndiko kulikonipa uhakika. Nilimwita mhuni mbele ya mama yake.

Na si yeye tu. Fundi cherehani alinirudishia kipande mwezi wa tatu, akasema kinamwasha. Nikamwambia sabuni haina kosa, amchunguze mumewe. Ndiyo maana alikuwa anashonea kwangu. Nimemwambia ukweli wiki iliyopita. Amerudi kwake na hanisalimii, na nimeukosa ule mdomo wake.

Sufuria limefunikwa, litabaki hivyo.

Sasa nikwambie la mwisho. Jumanne nilichukua saa yangu ya mkononi, ile iliyosimama zamani, nikaenda. Bado ana kibanda kilekile karibu na posta, ameongeza kioo tu. Ana mke, ana wajukuu, nywele zote nyeupe. Alipokea saa bila kuinua kichwa, akaifungua, akaanza kazi. Alinitambua kwa kikohozi.

Nikamwambia kila kitu. Sabuni, wewe, muuguzi, siku zangu tano. Nilisema kwa haraka, nimesimama, mkoba nimeukumbatia. Akatoa ile lenzi jichoni. Akasema, "Mimi nilipona wiki ileile uliyoondoka. Sabuni zako nilizitupa zote siku hiyohiyo, nikapona. Nikajua basi ilikuwa wewe. Nimekusamehe mara nyingi sana, miaka yote hii, kwa jambo ambalo hukulifanya."

Nikakosa pa kutazama. Nikatazama saa za watu ukutani, kila moja na wakati wake.

Kisha akaniuliza, wala hakuwa na hasira, "Na sasa umenieleza ili tufanyeje?"

Nilichukua saa yangu nikatoka, alikuwa amekwishaitengeneza, inakwenda. Lakini lazima nirudi, kwa sababu mtu akikuuliza anastahili kujibiwa. Wewe tangu mdogo unajua kusema, ndiyo maana tulikuita Chiriku. Niandikie upesi. Nimjibu nini?

Shangazi yako